Southampton hadi New York kwa meli: nani aliyezilipia zile meli kubwa?

Alhamisi, Southampton

Nimekuja siku moja kabla ya safari makusudi. Mpenzi wa habari za meli hapiti mji huu juujuu. Kutoka kituo cha treni ni mwendo mfupi kwa miguu hadi bustani ya East Park, na pale umesimama mnara wa mainjinia wa Titanic. Hakuna hata mmoja wao aliyepona. Walibaki chini kwenye mitambo wakihangaika umeme usizimike, ili walio juu wazione mashua za kuokolea.

Makumbusho ya SeaCity yapo hatua chache kutoka hapo. Kilichonileta mimi ni ramani ya mji iliyotandazwa sakafuni, yenye alama kwa kila nyumba iliyopoteza mtu Titanic ilipozama Aprili 1912. Nyumba zaidi ya 500. Alama nyingi zimebanana mitaa ya karibu na gati, kama Northam, walikokaa wachochea tanuri na wahudumu. Matajiri wa kwenye picha, wale wa kofia ndefu na manyoya, walipita tu hapa. Msiba wenyewe ulibaki kwa wafanyakazi.

Nikiwa juu ya ramani hiyo nimejipangia swali la safari nzima: meli zile za ngazi za mbao za kuchonga na taa za fuwele, hela zake zilitoka kwa nani? Tiketi za daraja la kwanza peke yake zisingetosha.

White Star, kampuni iliyomiliki Titanic, walihamishia hapa meli zao kubwa za New York kutoka Liverpool mwaka 1907, wapinzani wao Cunard wakafuata 1919. London ni karibu, na Cherbourg iko ng'ambo tu ya maji, ambako meli ilipitia kuchukua abiria wa Ulaya bara. Watu wa pwani mtaipenda sababu nyingine: maji ya hapa hujaa, hupungua kidogo, kisha hujaa tena kabla ya kupwa. Meli kubwa haina haraka ya kuwahi maji kujaa.

Ijumaa, kupanda

Mezani pa ukaguzi visa yangu ya Marekani imetazamwa kwa muda mrefu kuliko mimi mwenyewe. Si jambo geni. Tangu mwaka 1891 sheria ya Marekani ilimtaka mwenye meli amrudishe kwa gharama zake abiria aliyekataliwa, na 1903 ikaongezwa faini ya dola 100 kwa kila mgonjwa ambaye angeweza kugunduliwa kule alikopandia. Kampuni zikaanza kuweka madaktari wao bandarini Ulaya. Mpaka wa Marekani ulianzia kwenye gati la Hamburg na Liverpool tangu enzi hizo.

Meli yenyewe ni Queen Mary 2 ya Cunard, iliyobaki peke yake katika kazi ya kuvuka Atlantiki kwa ratiba kwenda na kurudi. Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi Januari 2004. Urefu wake ni mita 345. Msiifananishe na zile meli za utalii zinazosimama Zanzibar kama hoteli iliyowekwa juu ya sinia. Mbunifu wake, Stephen Payne, aliichorea omo ndefu iliyochongoka, akazidisha unene wa chuma, akatundika mashua juu zaidi zisifikiwe na mawimbi. Dohani lake ni fupi kuliko alivyotaka, kwa kuwa lilipaswa kupita chini ya daraja la Verrazzano kule New York.

Saa kumi na moja jioni tukang'oa nanga. Honi yake mojawapo ilitolewa kwenye Queen Mary ya kwanza, ile ya 1936. Ilipolia, mtoto aliyekuwa pembeni yangu naye akaanza kulia, wakashindana hadi mama yake akamwingiza ndani.

Jumamosi, baharini

Mezani nimepangwa na mama mmoja wa Mombasa, muuguzi mstaafu, anayeishi Leicester miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Ah, basi tuko nyumbani. Kaa."

Anakwenda New Jersey kwenye mahafali ya mjukuu wake. Ndege hapandi tena, masikio yake hayataki. Utotoni alikuwa akikimbia na wenzake hadi Likoni kutazama meli za Union-Castle zikiingia Kilindini, ubavu rangi ya zambarau iliyofifia, dohani jekundu lenye weusi juu. Kampuni hiyo ilikuwa na makao yake ya meli kule kule Southampton, na kwa miaka mingi meli yake ya barua kwenda Cape Town iliondoka kila Alhamisi saa kumi jioni. Zile za kuizunguka Afrika ndizo zilizofika Mombasa.

Barua. Hapo ndipo jibu la kwanza la swali langu lilipo. Samuel Cunard alikuwa mfanyabiashara wa Halifax, Nova Scotia, na mwaka 1839 aliishinda zabuni ya serikali ya Uingereza ya kupeleka barua kwa meli za moshi. Britannia, meli yake ya kwanza ya mkataba huo, iliondoka Liverpool tarehe 4 Julai 1840, ikafika Halifax kwa siku kumi na mbili na ushei, kisha Boston. Ilikuwa ya mbao, yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni, na ng'ombe mmoja wa maziwa juu ya sitaha. Abiria 115 tu. Aliyelipia safari ni posta. Abiria walikuwa nyongeza. Ndiyo maana jina la kwanza la kampuni lilibeba maneno "Royal Mail", na ndiyo maana Cunard hakuhangaika na anasa. Mkataba ulitaka meli ifike kwa tarehe, basi.

Wapinzani wake Wamarekani, kampuni ya Edward Collins, nao walilipwa na serikali yao kubeba barua, wakajenga meli za fahari na za kasi zaidi. Mwaka 1854 meli yao Arctic iligongana na nyingine kwenye ukungu ikazama. Hakuna mwanamke wala mtoto aliyepona, wakiwemo mke wa Collins na watoto wao wawili. Mwaka 1856 nyingine, Pacific, ikapotea baharini. Bunge likapunguza fedha, na 1858 kampuni ikafa. Cunard, mzee wa pole pole, akabaki.

Nilimsimulia mama pia habari za Frederick Douglass. Mwaka 1845, akiwa mtumwa aliyetoroka, alipanda Cambria ya Cunard kutoka Boston, akanyimwa chumba cha daraja la juu akapelekwa sitaha ya mbele na mafukara. Karibu na kufika, nahodha alimwalika ahutubie. Wenye watumwa waliokuwamo wakatishia kumtupa baharini, hadi nahodha alipotishia kuwafunga pingu. Miaka miwili baadaye alilipia daraja la kwanza mjini London, lakini alipofika Liverpool akaambiwa chumba kimepewa mwingine, na kwamba atakula peke yake asichanganyike na abiria. Magazeti yakapiga kelele, na Cunard mwenyewe akaandika kwa The Times kuahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena kwenye meli zake.

"Yaani kalipa la kwanza, kala peke yake kama mwenye ukoma," mama akasema. Akanisogezea mkate.

Jumapili, baharini

Mawimbi. Sitaha ya nje imefungwa, na ngazini kila mtu ameshika reli kwa mikono miwili. Meli hainesi kama nilivyoogopa. Inapiga mbizi kidogo, inanyanyuka, inaendelea. Chini kuna injini za dizeli na mitambo ya gesi inayozalisha umeme, na rafadha nne zinazoning'inia chini ya tezi, mbili zikigeuka kila upande. Usukani hakuna.

Nilitumia asubuhi kwenye kuta zenye picha za historia ya kampuni, kisha nikarudi chumbani kumuuliza kijana anayenihudumia, Mfilipino, kuhusu zamu zake. Mkataba wake ni wa miezi kadhaa mfululizo. Ana watoto wawili ambao anawaona kwenye simu. Mabaharia wa siku hizi wanafagia, wanapika na kutandika vitanda. Wa zamani walikuwa wanakula vumbi la makaa.

Mauretania ya 1907 ilikuwa na boila 25 na midomo ya tanuri 192, ikila takriban tani 1,000 za makaa ya mawe kwa siku. Watu zaidi ya 300 walikuwa chini wakichochea moto na kusukuma makaa kwa toroli, saa nne kazini, saa nane nje, usiku na mchana hadi nchi kavu. Wengi walikuwa Wairish wa Liverpool. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia meli zilipogeuzwa kutumia mafuta, Olympic peke yake ilipunguza watu wa tanuri kutoka 350 hadi 60 hivi. Wachochea tanuri wale hawakupata makala wala mnara. Walipata barua ya kuachishwa.

Mauretania na pacha wake Lusitania zisingejengwa bila serikali. Mwaka 1897 Wajerumani wa Norddeutscher Lloyd walileta Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya kwanza yenye dohani nne, ikawapokonya Waingereza sifa ya kasi. Mwaka 1902 tajiri wa Marekani J. P. Morgan akainunua White Star kupitia muungano wake wa makampuni. London ikaingiwa na hofu. Ikaikopesha Cunard pauni milioni 2.6 kwa riba ndogo na kuahidi pauni 150,000 kila mwaka, kwa sharti kwamba kampuni ibaki ya Kiingereza na meli ziweze kuchukuliwa vitani. Kwa fedha hizo, na kwa mitambo ya mvuke ya Charles Parsons, Mauretania ilishikilia rekodi ya kuvuka kuelekea magharibi tangu 1909 hadi Wajerumani walipoleta Bremen mwaka 1929. Miaka ishirini.

Lusitania hakufika mbali hivyo. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliipiga karibu na pwani ya Ireland, ikazama kwa dakika 18. Walikufa watu wapatao 1,200.

Jumatatu, baharini

Ukungu kutwa. Nimelala. Mbwa wa abiria wana sitaha yao, na wamewekewa nguzo ya taa ya Liverpool pamoja na bomba la zimamoto la New York ili kila mmoja ajisaidie kwa mila za kwao. Kichekesho kizuri kuliko vyote vya meli hii.

Saa imerudishwa nyuma tena usiku. Ukielekea magharibi unapewa siku za saa 25, na hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wenye nafasi wanapendelea upande huu.

Jumanne, kusini ya Newfoundland

Katika tangazo lake la adhuhuri nahodha ametaja kwamba tunapita kusini ya mahali ilipo Titanic. Ukumbini watu wakanyamaza kidogo, halafu vijiko vikaendelea.

Iligonga mwamba wa barafu saa 5:40 usiku tarehe 14 Aprili 1912, ikazama saa 8:20. Ilikuwa na watu kama 2,200, na nafasi za mashua 1,178. Hakuna sheria iliyovunjwa: kanuni za Uingereza zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa "tani 10,000 na zaidi". Titanic ilikuwa na tani 46,000. Kanuni ziliandikwa meli zikiwa ndogo, halafu meli zikakua na kanuni zikabaki zilivyo. Abiria wa daraja la kwanza walipona kama asilimia 60. Wa daraja la tatu, robo tu. Waliookolewa, zaidi ya 700, walichukuliwa na Carpathia, meli ya Cunard ya kawaida kabisa, isiyo ya fahari.

Mtu ninayemkumbuka mimi ni Joseph Laroche, injinia wa Haiti aliyesomea Ufaransa. Kwa ajili ya rangi yake hakupata kazi ya maana Paris, akaamua kurudi kwao na mke wake Mfaransa, Juliette, aliyekuwa mjamzito, na binti zao wawili. Walikuwa na tiketi za France, meli mpya ya Kifaransa. Wakasikia kwamba humo watoto hawaruhusiwi kula meza moja na wazazi. Wakabadilisha, wakachukua daraja la pili la Titanic. Mke na watoto walipona. Yeye hakupona.

Mama wa Mombasa hakutaka kusikia zaidi. Tukaenda kutembea sitaha ya saba. Mizunguko mitatu inakaribia kilomita mbili.

Jumatano, baharini

Leo nalimaliza swali langu. Posta na serikali walilipia kasi. Faida ilitoka chini.

Albert Ballin wa Hamburg ndiye aliyelielewa hilo kuliko wote. Alikuwa Myahudi, baba yake alikuwa na ofisi ndogo ya kuwakatia tiketi wahamiaji, naye akapanda hadi kuiongoza kampuni ya HAPAG, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kufikia 1914. Baada ya kipindupindu kuua maelfu Hamburg mwaka 1892, na wahamiaji wa Urusi kulaumiwa, Ballin aliwajengea kijiji kizima kwenye kisiwa cha Veddel: mabweni, madaktari, kanisa, sinagogi, jiko la Kiyahudi. Si kwa huruma tu. Aliyekaguliwa akiwa mzima hakurudishwa kwa gharama ya kampuni. Kwa nauli za watu hao akajenga Imperator na Vaterland, majumba ya kifalme yanayoelea, ambayo chini yake walilala maelfu waliokuwa na mabunda yao. Mwaka 1907 peke yake waliingia Marekani wahamiaji zaidi ya milioni moja.

Vita vikaja. Vaterland ilikamatwa New York mwaka 1917 ikawa Leviathan ya Wamarekani, na baada ya vita Imperator ikawa Berengaria ya Cunard. Hilo la pili Ballin hakuliona. Alikufa tarehe 9 Novemba 1918 kwa dawa za usingizi, siku ileile Kaiser, mfalme wa Ujerumani, alipopoteza kiti.

Mwaka 1924 Marekani ikapitisha sheria ya migao iliyowafungia mlango wahamiaji wa kusini na mashariki ya Ulaya. Fedha ya chini ikakauka. Kampuni zikapaka rangi mabweni, zikayaita daraja la watalii, zikawauzia walimu na wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kuiona Paris. Na kwa kuwa pombe ilipigwa marufuku Marekani tangu 1920, wengi walichagua meli za Kiingereza na Kifaransa, ambako baa zilifunguliwa mara tu pwani ilipopotea. Hicho ndicho kilichowavusha miaka ile.

Kisha mdororo wa uchumi. Desemba 1931 kazi ya kujenga meli ilisimama kule Clydebank, Uskoti, na umbo la meli lisilo na jina, lenye namba 534 tu, likakaa zaidi ya miaka miwili likipata kutu mbele ya mji usio na ajira. Serikali ilikubali kukopesha pauni milioni 9.5 kwa sharti moja: Cunard na White Star ziungane. Mahasimu wa miaka sitini wakawa kampuni moja mwaka 1934, na 534 ikazinduliwa kwa jina Queen Mary. Wafaransa nao, kwa fedha za serikali yao, walileta Normandie mwaka 1935, kwa macho yangu nzuri kuliko zote. Iliungua gatini New York Februari 1942, cheche za mchomeleaji zilipodondokea lundo la majaketi ya kuokolea. Maji ya wazimamoto yakailaza ubavu.

Queen Mary yenyewe ilipakwa rangi ya kijivu, na Julai 1943 ilibeba watu 16,683 kwa safari moja. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Alhamisi, siku ya mwisho baharini

Masanduku yanatolewa nje ya milango usiku huu. Hali ya hewa nzuri, watu wanabadilishana namba za simu.

Mwaka 1952 Wamarekani waliingiza kazini United States, iliyovuka kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Kasi hiyo haijapitwa na meli nyingine ya namna yake. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali iliyotaka meli ya kusafirisha wanajeshi. Mbunifu wake, William Francis Gibbs, aliogopa moto kiasi cha kukataa mbao karibu kila mahali. Oktoba 1958 ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kati ya London, Paris na New York kwa saa chache, na hesabu ikaisha. United States iliegeshwa 1969. Mwaka 2025 ilivutwa hadi Alabama kuandaliwa izamishwe iwe makazi ya samaki pwani ya Florida. Queen Elizabeth, mwenza wa Queen Mary, iliungua Hong Kong 1972. QE2, yaani Queen Elizabeth 2, ni hoteli Dubai, Waswahili wa huko wanaweza kwenda kunywa chai.

Kampuni hazikufa zote. HAPAG na Norddeutscher Lloyd, mahasimu, ziliungana 1970 zikawa Hapag-Lloyd. Ile kampuni ya Kifaransa ya Normandie, baada ya kuunganishwa mara kadhaa, imo ndani ya CMA CGM. Majina yote mawili yapo ubavuni mwa makontena ya Dar na Mombasa kila siku, yakibeba mitumba na vipuri. Cunard yenyewe ni mali ya Carnival tangu 1998.

Na madaraja? Wenye vyumba vya juu wanakula Queens Grill na Princess Grill. Sisi wengine ni Britannia. Hakuna mlango uliofungwa kwa kufuli. Kuna kadi tu.

Ijumaa, New York

Saa kumi na moja alfajiri watu wamejaa juu wakiwa na mablanketi. Daraja la Verrazzano likapita juu ya dohani kwa nafasi ya mita chache, watu wakapiga kelele kama kwamba nahodha ametia goli. Tukafunga kamba Red Hook, Brooklyn. Mama amepokelewa na ukoo mzima. Ameniachia namba na onyo la kula.

Nilikwenda moja kwa moja Manhattan ya chini. Broadway namba 25 ni jengo la Cunard la mwaka 1921, walipokuwa wakikata tiketi chini ya dari lililochorwa. Namba 1 palikuwa makao ya ule muungano wa Morgan uliomiliki White Star, na juu ya milango maneno bado yapo kwenye jiwe: mmoja wa daraja la kwanza, mwingine wa abiria wa vyumba.

Mlango wa daraja la tatu haupo. Wahamiaji walinunua tiketi kwa mawakala huko huko vijijini kwao Galicia na Sicily, au walitumiwa zikiwa zimeshalipiwa na kaka au mume aliyetangulia, dola kwa dola kutoka mshahara wa kiwandani. Aliyezilipia meli zile mara nyingi alikuwa tayari yuko upande huu, akichimba makaa ya Pennsylvania.